Tunahamia Kigoma na watoto watatu: tukae Mwanga, Ujiji au Kibirizi?

*"Mume wangu amehamishiwa Kigoma mjini, ofisi yake iko jirani na bandari, na anatakiwa kuripoti mwanzoni mwa Januari. Sisi tuko Morogoro. Watoto ni watatu: mkubwa anaingia darasa la saba, wa kati anaingia la tatu, mdogo ana mwaka mmoja na miezi mitano. Kigoma hatuna ndugu. Dalali ametutumia picha za nyumba nzuri Kibirizi, karibu kabisa na ziwa, vyumba vitatu, chini marumaru, ila mwenye nyumba anataka kodi ya mwaka mzima kabla hatujafika. Wengine wanasema twende Ujiji, kodi nafuu. Wengine wanasema mwenye watoto akae Mwanga tu. Na nimesikia malaria ya Kigoma ni kali. Naogopa tukishalipa ndiyo basi. Tuchagueje?"*

Dada yangu, nianze na lile la haraka: msilipe kodi ya mwaka kwa nyumba ambayo hakuna hata mmoja wenu aliyesimama mlangoni pake. Hata dalali akisema kuna mteja mwingine anaisubiri. Nyumba za kupanga Kigoma zipo, na fedha ya mwaka mzima ikishatoka mkononi, kuirudisha ni kazi ya mwaka mwingine.

Hofu yako naiona hivi: unadhani kuna mtaa mmoja sahihi, na ukikosea jina umekwisha. Sivyo. Ndani ya Mwanga hiyo hiyo kuna uchochoro mzuri kwa watoto, na hatua 200 kutoka hapo kuna nyumba iliyokaa ukingoni mwa korongo. Ujiji ni hivyo hivyo. Kwa hiyo majina ya kata yawasaidie kuanzia tu. Kinachoamua ni shule, maji, na ardhi nyumba ilipokaa. Nyumba yenyewe ndiyo ya mwisho, kwa sababu kitasa kibovu utabadilisha na ukuta utapaka rangi, lakini mwinuko wa mtaa na njia ya mtoto kwenda shule huwezi kuvibadilisha.

Kwa hiyo tafuteni shule kwanza, kisha nyumba ndani ya mwendo wa miguu kutoka shuleni. Wengi hufanya kinyume, halafu mwezi wa pili unawakuta watoto wanapakiwa watatu kwenye bodaboda moja alfajiri kwa sababu shule yenye nafasi iko upande wa pili wa mji.

Mkubwa wako ndiye anayebana ratiba. Mtihani wa kumaliza elimu ya msingi hufanyika Septemba, lakini watahiniwa husajiliwa mapema mwaka huo huo kupitia mfumo wa PReM wa Baraza la Mitihani, NECTA. Uhamisho haukamiliki kwa barua peke yake, unakamilika pale jina la mtoto linapotoka shule ya zamani na kuonekana shule mpya ndani ya mfumo huo. Mtoto anaweza kukaa darasani Kigoma mwezi mzima, ana dawati na daftari, na bado kwenye mfumo ni mwanafunzi wa Morogoro. Hapo ndipo matatizo ya usajili huanzia.

Mpangilio unaofanya kazi ni huu. Kwanza mpate shule ya Kigoma inayokubali kumpokea, ikiwezekana kwa maandishi. Kisha mwalimu mkuu wa Morogoro na afisa elimu wajaze na kusaini uhamisho, halafu shule mpya ithibitishe. Beba namba ya PReM ya kila mtoto, cheti cha kuzaliwa, ripoti za maendeleo za mwaka uliopita, na nakala mbili mbili za kila kitu. Jambo hili lianzeni kabla shule hazijafungwa Desemba, maana likizo ikianza mwalimu mkuu huenda kwao na muhuri hubaki kabatini.

Huenda mmefikiria kumwacha mkubwa Morogoro kwa ndugu hadi amalize. Si wazo baya, na kama kuna shangazi mwenye nyumba tulivu mnaweza kulizungumza. Ila fahamu kwamba nafasi za kidato cha kwanza katika shule za kutwa hupangwa kufuata eneo alikomalizia msingi. Akimalizia Morogoro atapangwa huko, na mtahangaika na uhamisho wa pili mwaka unaofuata. Kwa maoni yangu, kama mnaweza kukamilisha uhamisho kufikia wiki za mwanzo za Januari, mleteni. Kama mambo yatachelewa hadi usajili umefungwa, abaki amalizie alipo. Kuhamisha katikati ya mwaka wa mtihani ndiyo njia mbaya kuliko zote. Na kama amesoma kwa Kiswahili miaka sita, msimpeleke shule ya mchepuo wa Kiingereza kwa miezi tisa ya mwisho, hata kama majengo yake yanavutia.

Mkifika shuleni, acheni kwanza ofisi ya mwalimu mkuu mkaangalie vyoo. Kiwango cha taifa ni tundu moja kwa wasichana 20 na moja kwa wavulana 25, na darasa moja kwa wanafunzi 45. Shule nyingi hazifikii hapo, lakini kuna tofauti kubwa kati ya darasa la watoto 70 na la watoto 130, na kati ya choo chenye maji na kisicho nayo. Matokeo ya kila shule NECTA huyaweka wazi mtandaoni. Soma ya miaka mitatu, usiridhike na mwaka mmoja, na tazama pia idadi ya watahiniwa: wastani mzuri wa watoto 15 si sawa na wastani mzuri wa watoto 160.

Sasa Kibirizi. Picha za dalali huenda ni za kweli kabisa, na upepo wa ziwa ni wa kweli pia. Swali langu ni picha zilipigwa mwezi gani. Ziwa Tanganyika hupanda na kushuka kila mwaka: maji huwa chini kabisa karibu na Oktoba na Novemba kabla mvua hazijakolea, na huwa juu kabisa Aprili na Mei mvua zinapoisha. Nyumba uliyoiona mwezi wa kumi ikiwa na ufukwe mpana mbele yake, mwezi wa tano inaweza kuwa na maji ukutani.

Hayo ni ya kila mwaka. Yapo ya miaka mingi, na haya ndiyo yanayowapotosha wageni. Ziwa hili linapokea mito mingi, lakini njia ya kutokea ni moja tu, Mto Lukuga upande wa Kongo, karibu na mji wa Kalemie. Sehemu kubwa ya maji huondoka kwa kukauka juani. Kwa hiyo mvua zikiwa nyingi miaka miwili mitatu mfululizo, maji hayana pa kukimbilia: hupanda taratibu na kukaa juu kwa muda mrefu. Ndivyo ilivyokuwa kati ya 2019 na 2024, maji yalipoingia kwenye makazi ya pembezoni Bujumbura na Uvira, na upande wetu mialo na nyumba za ufukweni zikaguswa. Kinyume chake pia hutokea. Stanley alipomkuta Livingstone Ujiji mwaka 1871 maji yalikuwa jirani. Miaka michache baadaye Lukuga ilifunguka na ziwa likashuka karibu mita 10, ndiyo maana leo ukitoka kwenye mnara wao unatembea ndipo ufike majini. Mtu akikuambia "maji hayajawahi kufika hapa", muulize anazungumzia miaka mingapi.

Sheria ya mazingira ya 2004 nayo inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Nyumba iliyomo ndani ya mita hizo ina hatari mbili, ya maji na ya kuambiwa muondoke. Hatua ya mtu mzima ni kama robo tatu ya mita, kwa hiyo hesabu hatua 80 kutoka majini. Kama umefika mlangoni kabla hatua hizo hazijaisha, acha nyumba hiyo. Kibirizi yote haiko ufukweni, kuna nyumba juu kwenye mwinuko zinazofaa kutazamwa, ila hiyo ya "karibu kabisa na ziwa" kwa familia yenye mtoto anayejifunza kukimbia, hapana.

Nina sababu nyingine mbili. Kina cha ziwa hili huongezeka ghafla, mahali pengine hatua chache tu kutoka ufukweni, na wanao hawajalizoea. Pia kichocho kipo. Vimelea vyake hutoka kwenye konokono wa maji ya kina kifupi yenye majani, hupenya ngozi, na huwa wengi zaidi jua linapokuwa kali mchana, saa zile zile watoto wanapotaka kuogelea. Wakae Kibirizi au Mwanga, watataka kwenda ziwani tu, na ni haki yao. Wapelekeni wenyewe, sehemu ya mawe na mawimbi isiyo na majani. Tofauti ni kwamba anayekaa Mwanga huenda kwa ruhusa, wa ufukweni huenda kila saa.

Mwanga ipo juu, nyuma ya mji. Soko liko karibu, daladala na bajaji hazikosekani, na kufika Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Maweni, si safari. Kwa familia isiyo na ndugu mjini, usiku ambao mtoto amechemka, hilo lina uzito mkubwa. Ubaya wake ni msongamano, kelele karibu na soko, na miinuko. Katubuka na Buzebazeba ni jirani zake, na unaweza kupata uani mkubwa zaidi kwa kodi ile ile. Gungu iko kwenye barabara ya kuelekea Mwandiga na Kasulu, kuna stendi ya Masanga na kituo cha afya. Angalieni sana watoto wasilazimike kuvuka barabara kuu ya mabasi. Bangwe ina upepo na iko upande wa bandari, lakini mteremko ni mkali na usafiri si mwingi kama Mwanga.

Ujiji wanayoisifu kwa kodi nafuu naipenda kwa watoto. Ni tambarare kuliko mjini, miembe na michikichi imejaa, majirani wanajuana, na mgeni anayesalimia vizuri hachukui mwezi kuwa mwenyeji. Kituo cha afya kipo. Lakini kutoka huko hadi bandarini ni karibu kilomita kumi. Baba atatoka mapema na kurudi jioni sana, na nauli ya kwenda na kurudi siku 26 za mwezi hula sehemu ya ule unafuu. Piga hesabu hiyo kwa karatasi kabla ya kushangilia. Jambo jingine la huko chini ni maji ya visima. Ardhi ikiwa ya mchanga na maji ya chini yakiwa karibu, choo cha shimo na kisima hupeana siri. Kisima kiwe angalau mita 30 kutoka choo chochote, chenu au cha jirani, na maji ya kunywa yachemshwe hata yakionekana meupe.

Huku mjini mtategemea bomba la KUWASA, mamlaka ya maji ya Kigoma Ujiji. Maji husukumwa kutoka ziwani hadi kwenye matanki ya juu, kisha hushuka yenyewe kwenda majumbani. Kila mita 10 za kupanda hula presha ya bar moja. Ndiyo maana nyumba mbili za mtaa mmoja, moja bondeni na nyingine juu, hazipati maji sawa: ya chini hupata mapema, ya juu husubiri wenzake washibe. Mwenye nyumba atakuambia "maji yapo", na hadanganyi, bomba lipo. Pita mtaani saa kumi na mbili asubuhi. Ukiona madumu ya njano yamepangwa kila mlango na akina mama wanaulizana nani amepata, umeshajibiwa. Kisha muulize mama jirani, si mwenye nyumba, maji hutoka siku gani na kwa saa ngapi.

Watu watano mkitumia lita 50 kila mmoja ni lita 250 kwa siku. Tanki la lita 1,000 litawabeba siku nne, la 2,000 siku nane. Kama mgao wa mtaa ni mara moja kwa wiki, tanki la 1,000 halitoshi, tena mkiwa na nepi za kufua. Na tanki likijaa lina uzito wa tani moja: likiwekwa kwenye mbao juu ya udongo wa mteremko, mvua ya kwanza italiinamisha. Litake kwenye zege.

Mteremko ndio unaonipa wasiwasi mkubwa kuliko yote. Mvua zetu huanza karibu Oktoba au Novemba na kuisha Aprili au Mei, na maji yanayoshuka milimani hutafuta njia ile ile kila mwaka, yakiipanua. Ukienda kutazama nyumba, zunguka nyuma. Angalia mwembe ulio karibu: kama mizizi yake imebaki nje, imening'inia hewani kimo cha goti, basi udongo wa kimo hicho ulikuwepo na umeondoka tangu mti upandwe. Tazama chini ya msingi, kama kuna tundu ambalo mkono unaingia. Tazama ukuta wa nje kama una mstari wa matope, na kama rangi imepakwa upya chini tu, hadi kiunoni, juu ikaachwa ya zamani. Uliza njia ya mtoto kwenda shule inakatiza korongo lipi, na mvua ikinyesha asubuhi watoto hupita wapi. Mkija Desemba mtakuwa na bahati, kwa sababu mtauona mtaa katika hali yake ngumu. Anayekuja kutafuta nyumba Julai huona vumbi tu.

Kuhusu malaria, ulichosikia kina ukweli. Utafiti wa kitaifa wa 2017 ulikuta vimelea kwa karibu mtoto mmoja kati ya wanne wa chini ya miaka mitano katika mkoa huu. Lakini hiyo ni hesabu ya mkoa mzima, vijiji na mji, na haimaanishi kila uchochoro ni sawa. Mbu wa malaria hupenda maji yaliyotuama yanayopigwa na jua: majaruba ya mpunga kama ya bonde la Luiche kusini mwa Ujiji, mashimo ya kufyatulia matofali, nyayo za ng'ombe. Kutoka yai hadi mbu anayeruka ni kama siku 7 hadi 14, na kwa kawaida haendi mbali zaidi ya kilomita moja au mbili. Kwa hiyo tembeeni kuizunguka nyumba kwa dakika 15 kila upande mkitafuta mashimo ya matofali. Ndani, inueni macho: kama pana uwazi kati ya ukuta na paa na hakuna dari, mbu ataingia hapo hata madirisha yawe na nyavu. Dari iliyozibwa vizuri ni kinga ya kweli, na ni jambo la kumwomba mwenye nyumba kabla ya kulipa, si baada.

Kila mtoto alale ndani ya chandarua chenye dawa kuanzia usiku wa kwanza, hata mkiwa bado gesti. Kama kule mlikokuwa mkiishi malaria haikuwa ikiwapata mara kwa mara, miili yao haijaizoea, hasa mdogo. Homa yoyote wiki za mwanzo msiinunulie dawa dukani. Apimwe ndani ya saa 24. Akishindwa kunyonya au kula, akitapika kila kitu, akidegedeka au akilegea isivyo kawaida, nenda hospitali saa hiyo hiyo. Na mdogo anakaribia miezi 18, umri wa chanjo ya pili ya surua na rubela. Tarehe ikiangukia siku za safari, apate kituo chochote mtakapokuwa, mradi kadi yake ya kliniki iko kwenye mkoba wa mkononi na haijafungwa ndani ya mizigo inayokuja na lori.

Mfanye nini basi? Ningependa baba, au nyote wawili kama mdogo ana pa kubaki, mje kwa wiki moja mwishoni mwa Novemba au mwanzoni kabisa mwa Desemba, kabla shule hazijafungwa. Siku mbili za kwanza ni za shule na ofisi ya elimu. Tatu zinazofuata tembeeni mitaa inayoizunguka shule iliyowakubali, asubuhi na tena usiku. Mkipata nyumba, tembeeni kutoka mlangoni hadi shuleni kwa mwendo wa mtoto wa miaka minane. Ikizidi dakika 30, au akivuka barabara kuu zaidi ya mara moja, endeleeni kutafuta. Kwa kazi ya bandarini na bila ndugu mjini, mimi ningeanzia Mwanga au Katubuka kwa miezi mitatu hadi sita. Ujiji iwe mwaka wa pili, mkishaijua wenyewe.

Kodi ombeni miezi mitatu. Akikataa, sita, isizidi. Mkataba uandikwe na ushuhudiwe ofisi ya serikali ya mtaa, ukitaja mita ya LUKU ni yenu peke yenu au mnachangia, deni la maji lililopo ni la nani, na kwamba maji yakiingia ndani mtarudishiwa miezi iliyobaki. Kodi ya jengo hukatwa kupitia LUKU, kwa hiyo mkubaliane mapema kama itapunguzwa kwenye pango. Dalali kwa desturi huchukua kodi ya mwezi mmoja. Mlipeni baada ya kukabidhiwa funguo, si kabla. Kama hamna namna ila kutanguliza fedha kidogo, mpigieni simu ya video, asimame getini, azungushe kamera hadi barabarani, aingie, afungue bomba. Mwenye nyumba akishikilia mwaka mzima kwa kiasi kikubwa, wakili ausome mkataba kabla ya sahihi. Na mkianza kufikiria kununua kiwanja, ofisi ya ardhi ya Manispaa ndiyo ya kwanza, kabla hata ya kuuliza bei.

Mkubwa mwenye mtihani mpeni nafasi. Mkibakiwa na nyumba mbili zinazolingana, mtumieni picha na mumwache achague yeye. Na wiki ya kwanza mkishafika, pelekeni watoto kwa mwenyekiti wa mtaa mkijitambulisha, wajulikane sura na majina, ili siku wa darasa la tatu akipotea kati ya Mwanga na shule, mtu yeyote barabarani ajue ni wa nyumba ipi.